Mpangaji wa Dipankara

Siku ambayo mungu alitolewa mwilini mwake na kutiwa mtungini, Jogmuni alikuwa ameketi kizingitini mwa karakana ya mdogo wake, anasugua goti kwa mafuta ya haradali na kulalamika kwamba ubani ule ni wa ovyo, unanuka kama kamba iliyoungua.

"Kaka, nyamaza kidogo," Bekharatna alimwambia. "Gubhaju anasoma."

"Namsikia. Na mungu naye anasikia. Maskini, anahamishwa nyumba kwa moshi wa kamba."

Gubhaju Maniharsha, kuhani wa familia yao, hakugeuka. Alikuwa amefunga uzi kutoka kifuani mwa sanamu hadi shingoni mwa mtungi wa maji, na maneno aliyoyanong'ona yalipita juu ya uzi ule taratibu, mpaka uso wa maji ukatikisika mara moja na kutulia. Akakata uzi. Akaufunika mtungi kwa sahani ya shaba, akajinyoosha mgongo.

"Haya. Sasa hiyo ni mbao na shaba tu. Piga nyundo unavyotaka."

Dipankara, mungu wa baha yao, yaani ua wa hekalu uliozungukwa na nyumba za ukoo, ni mkubwa kuliko mtu. Kichwa chake na mikono yake ni ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo na kupakwa dhahabu; kiwiliwili ni fremu ya mbao iliyo wazi ndani, na humo ndani huingia mtu. Unapofika mwaka wa Samyak, miungu wa mji wa Patan wanapotoka majumbani mwao kwenda kukutana uwanjani, mtu huyo hujifunga fremu mabegani, hufunikwa joho la mungu mpaka miguuni, kisha hutembea. Watu hawamwoni yeye. Wanamwona Buddha wa zamani sana, aliyekuja kabla ya huyu tunayemjua, anapita katika vichochoro vyao akiwa ameinua mkono wa kulia kuwaambia wasiogope. Kwa muda mrefu kuliko vijana wengi wa baha wanavyoweza kukumbuka, mtu wa ndani alikuwa Jogmuni.

Lakini wadudu walikuwa wamezitoboa mbao za miguu, na shavu la kushoto lilikuwa limebonyea tangu tetemeko lilipoangusha boriti. Bekharatna ndiye mfua shaba wa ukoo. Kazi ilikuwa yake.

"Ila sikilizeni," Gubhaju alisema huku akikusanya vyombo vyake. "Mtungi ukae chumba cha mungu, ulishwe kila asubuhi kama alivyokuwa akilishwa yeye. Na mwili huu usiachwe gizani. Taa iwake, kitambaa kiufunike, kichwa kiwe mbali na kiwiliwili. Nyumba tupu haikosi mpangaji."

"Mpangaji gani atataka nyumba isiyo na choo?" Jogmuni akauliza, na hata Gubhaju akacheka.

Ugomvi ulianza siku chache baadaye, Bekharatna alipokuwa akishona upya mikanda ya mabegani. Alikuwa akiipima kwa mabega yake mwenyewe. Jogmuni alimtazama kwa muda, akaweka kikombe cha chai chini.

"Unafanya nini?"

"Kaka, daktari alisema nini kuhusu hilo goti?"

"Daktari habebi mungu."

"Na wewe hupandi ngazi bila kushika ukuta. Ukianguka naye uwanjani mbele ya mji mzima, tutaweka wapi nyuso zetu? Mwaka huu nitambeba mimi."

Jogmuni alishika ncha ya mkanda. Akauvuta, akauachia.

"Bado napumua, mdogo wangu," alisema, "na wewe unanivua shati."

"Sijasema hivyo."

"Nitambeba Samyak hii. Nitambeba hata kwa kutambaa. Baada ya hapo mpeni mnayemtaka, mpeni hata mbuzi."

Akainuka, akavuka ua akiuburuta mguu wa kushoto juu ya matofali. Tangu siku hiyo ndugu wale wawili walisalimiana kwa videvu tu.

Kisha ikaja wiki ya ukungu mzito, ule unaowafanya wauza maziwa wapige kelele kabla ya kukata kona wasigongane na watu. Asubuhi moja Jogmuni alikwenda kununua maziwa. Akarudi mpaka kwenye baraza iliyo karibu na mabomba ya maji, akaketi kupumzisha goti, akaegemea nguzo. Watu walimpita, wakamsalimu, wakaenda zao. Ukungu ulipoinuka ndipo mwanamke mmoja alipoona paka amepanda mapajani mwake, anakunywa maziwa birikani, naye Jogmuni hamfukuzi.

Karakana ikafungwa kwa ajili ya matanga. Wanaume walinyoa vichwa, wakavaa nyeupe, hawakugusa chombo cha kazi. Mtungi wa mungu ulipelekwa kwa jirani asiye na msiba. Taa ya karakana hakuna aliyeikumbuka.

Siku ya saba chakula cha marehemu kilipikwa na kuwekwa kwenye ukingo wa dirisha la juu, ili ale akiwa safarini, kwa mdomo wa kunguru. Kunguru wa Patan ni wezi wanaopokonya watoto mkate mkononi. Siku hiyo walijipanga kwenye paa la ng'ambo, wakakitazama kile chakula, wakatazamana, na hakuna aliyeruka. Chirimaya, mjane wa Jogmuni, alisimama dirishani mpaka wali ukakauka.

"Hayuko njiani," alisema. "Angekuwa njiani angekula."

"Shemeji, kunguru wameshiba tu," Bekharatna alimwambia.

"Kunguru wa mji huu? Walishiba lini?"

Matanga yalipokwisha na nyumba kutakaswa, Bekharatna alifungua karakana. Baridi ya mle ndani ilimpiga usoni kama kitambaa cha maji. Alikumbuka vizuri kabisa: kichwa cha Dipankara alikiacha juu ya meza ya kazi, kikitazama ukuta, kimezungushiwa gunia. Sasa gunia lilikuwa chini, na kichwa kilikuwa juu ya kiwiliwili. Kilikaa upande kidogo, kama cha mtu aliyesinzia akisubiri kufunguliwa mlango.

Akamwita mkewe, Dhanakesari.

"Nani aliingia humu?"

"Ufunguo uko kiunoni kwako, unaniuliza mimi?" Alichungulia, akarudi nyuma hatua. "Mbona amevaa kichwa?"

"Ndicho ninachouliza."

"Basi muulize yeye," Dhanakesari alisema, kisha akaona jinsi mumewe alivyopauka, akaacha mzaha. "Siku za matanga nilisikia mbao zikilia humu. Nikasema ni panya."

Bekharatna alikishusha kichwa, akakilaza juu ya ulimbo laini wa kufulia, akaanza kulitoa bonyeo la shavuni kwa ndani. Amefua shaba tangu utotoni, na sikio lake ndilo jicho lake la pili. Shaba iliyo tupu huimba. Ukiigonga inakujibu, na jibu linazunguka chumba kizima kabla ya kufa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kichwa hiki kilikuwa kitupu, aliona mpaka ndani ya pua yake, na hakikuvuma. Kila alipogonga kilitoa mlio mfupi, mzito, kama mtungi uliojaa nafaka.

Alibadilisha nyundo. Alikiinua kutoka kwenye ulimbo, akakining'iniza hewani kwa kamba, akakigonga kwa ukucha. Mlio ulikuwa uleule.

Akaweka nyundo chini na kutoka nje kuota jua. Kila mtu uani alikuwa anaota jua: wanawake wanapakana mafuta, nafaka imeanikwa, mtoto anaoga kwenye beseni. Alikaa hapo mpaka kivuli kilipomfikia miguuni, hakurudi ndani.

Siku zilizofuata alifanya kazi ya mbao, akaliacha shavu. Aling'oa vipande vilivyoliwa, akaunga vipya, akakaza mikanda. Mchana mmoja alitoka kununua misumari. Aliporudi, mlango wa karakana ulikuwa wazi na sauti ya shemeji yake ilisikika mle ndani, ile sauti ya kawaida kabisa ya mke anayemsema mume wakati wa kula.

"...na paa linavuja kwenye kona ileile, nilikwambia mwaka jana ukasema utaliziba. Uliliziba? Hukuliziba. Shika hiki, ni kitamu, hakina mbegu."

Chirimaya alikuwa ameketi mkekani mbele ya Dipankara. Alikuwa ameshakirudisha kichwa mahali pake, au kilijirudisha. Bekharatna hakutaka kuuliza. Chirimaya alikuwa anamenya chenza. Nusu anakula, nusu anaiweka miguuni pa sanamu. Na kwenye mbao za fremu, ndani kabisa, kitu kilikuwa kinalia polepole, kraa, kraa, kama mabega ya mtu mzito anayejiweka sawa.

"Shemeji," Bekharatna alisema.

"Karibu. Tulikuwa tunakusema."

"Toka humo, shemeji. Tafadhali."

Alimtazama bila haya wala woga. Alikuwa amekonda tangu msiba, lakini macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtu mwenye homa. "Unajua ni nani aliye humu. Usijifanye hujui. Umegonga, umesikia."

Bekharatna aliweka misumari mezani. Chirimaya akarudia kumenya chenza lake.

Asubuhi zilizofuata alikuja na kioo. Ndivyo Dipankara anavyoogeshwa: dhahabu haitakiwi kulowa, basi kioo husimamishwa mbele ya uso wake, na ule uso ulio ndani ya kioo ndio humwagiwa maji. Jogmuni alikuwa akifanya hivyo kila siku ya zamu yake. Sasa Chirimaya aliufanyia mwili mtupu. Bekharatna alisimama mlangoni akatazama, na aliloliona lilimtoa jasho kwenye baridi ile. Kioo kilikuwa na ukungu. Si kote. Palikuwa na doa moja tu, kwenye usawa wa mdomo wa sanamu, na doa hilo lilikuwa linapungua, linarudi, linapungua, linarudi.

Hapo akaenda kumwita Gubhaju aje kumrudisha mungu. Shavu lilikuwa halijatengenezwa, lakini mbao zilikuwa tayari, na Samyak ilikuwa inakaribia.

Gubhaju alikuja na mtungi. Akafunga uzi, akakaa, akasoma. Alisoma mpaka sauti ikakwama. Uzi ulilegea katikati kana kwamba mtu wa upande wa pili ameuachia. Akaukaza, akaanza tena. Maji ya mtungini hayakutikisika hata kidogo. Mzee akafungua macho, akavua miwani, akaifuta bila sababu.

"Pana mtu," alisema.

"Nani?" Dhanakesari aliuliza, ingawa wote walikuwa wanajua.

"Mwili uliachwa gizani. Siku zilezile mtu aliyeishi ndani yake akatoka katika mwili wake mwenyewe. Angekwenda wapi? Alikwenda anakokujua." Akamgeukia Chirimaya. "Mama, wewe ndiye wa kumwomba atoke. Sisi akitusikia hatatujali."

"Sitamwomba."

"Mungu amekaa mtungini kama samaki, mama."

"Mungu ana nyumba kila baha, Gubhaju. Ana nyumba Lhasa, ana nyumba Japani, binti yangu amenitumia picha. Mume wangu ana moja tu." Akakusanya maganda yake ya machenza kwenye upindo wa sari, akaondoka.

Kuanzia hapo baha nzima ilijua, na hakuna aliyesema. Watu walipita mbali na mlango wa karakana. Mbwa wa uani, ambaye siku zote alilala kizingitini pale kwa sababu ya joto la tanuri, alihamia upande wa pili na hakurudi. Bekharatna aliota jua, akanywa chai, akajitafutia kazi za majirani, akarekebisha hata vitasa vya milango ambavyo havikuharibika. Jioni mkewe alimwambia, "Unamkimbia kaka yako kama unavyomkimbia mdai." Alikasirika kwa sababu ni kweli. Hakuwa na hofu ya mzimu tu. Kila alipoutazama ule uso wa dhahabu wenye shavu lililobonyea, alisikia: unanivua shati.

Chirimaya ndiye aliyekuja mwenyewe. Alimkuta Bekharatna kwenye jua, akakaa pembeni yake bila salamu, kama dada.

"Ameanza kunisahau, shemeji."

"Vipi?"

"Mwanzoni nilikuwa nikimsimulia lolote, mbao zinalia. Nikimsema kuhusu paa analia. Nikimwambia binti yetu Rojina amepiga simu, analia kwa nguvu zaidi. Sasa nasimulia mpaka koo linakauka, kimya. Jana nikasema tu, bila kufikiri, Samyak imekaribia." Akakunja upindo wa sari. "Fremu nzima ilitikisika. Vumbi lilianguka. Akawa kama farasi aliyesikia lijamu."

Bekharatna aligeukia mlango wa karakana.

"Hakubaki kwa ajili yangu," Chirimaya alisema. "Nimemmenyea machenza yote yale, kumbe mwenzangu anasubiri sherehe. Hata alipokuwa hai ilikuwa hivihivi."

"Shemeji..."

"Usinionee huruma, nitakupiga. Mbebe. Mungu hayumo, hutamkosea mtu. Mpeleke atembee safari yake, kisha mfikishe mtoni anakokwenda kila mtu. Mimi nitatangulia na ubani."

Gubhaju alipoambiwa aliuzungusha uzi wake kidoleni. "Jambo hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma," alisema. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nitakuwa naumwa na jino. Sitatoka nje. Sitaona kitu."

Wakachagua asubuhi, wakati wa ukungu. Dhanakesari alimfunga mumewe mikanda mabegani, akavuta joho likashuka pande zote, na dunia ikawa giza. Palibaki mwanya mdogo kifuani pa mungu wa kuonea njia. Mle ndani palinuka moshi wa ubani wa miaka mingi, mafuta ya haradali, na sigara. Bekharatna havuti sigara.

"Upo sawa, Baba Subarna?" mkewe aliuliza kwa nje. Sauti ilikuja kama kutoka chumba cha pili.

"Nipo."

Alijua uzito wa fremu ile. Aliiunda upya kwa mikono yake. Huu ulikuwa zaidi. Mtu mwingine alikuwa amemwegemea mgongoni, kifua kwa mgongo, na baridi yake ilipenya shati. Akapiga hatua ya kwanza. Hatua ya pili mguu wake wa kushoto haukuinuka. Uliburuzika.

Alijaribu kutembea vizuri, akashindwa. Walitoka katika ua, Chirimaya mbele na chetezo, Dipankara nyuma akichechemea, mkono wake wa dhahabu umeinuliwa ndani ya ukungu. Dirisha moja lilifunguka, likafungwa. Muuza maziwa aliyekuwa akipiga kelele kwenye kona aliona uso ule unamjia, akaweka ndoo zake chini, akageukia ukuta, mikono kifuani. Alikuwa amewahi kuona mungu akitembea. Hakuwahi kumwona akitembea peke yake, bila ngoma, siku isiyo yake, kwa mwendo wa jirani aliyekwisha kufa.

Njia fupi ya mtoni ilikuwa kushoto. Bekharatna alikata kushoto. Miguu ikakata kulia. Alikaza magoti, akajaribu kusimama, na nguvu ile ya nyuma ikamsukuma kwa upole, jinsi kaka mkubwa anavyomsukuma mdogo wake aliyesimama mlangoni anazuia watu. Walikwenda uwanja wa Samyak. Hapakuwa na mtu, ila majivu ya moto wa walinzi na njiwa. Wakauzunguka uwanja wote, polepole, wakipita mahali ambapo miungu wengine wangesimama, na kila mahali Bekharatna aliuhisi mwili ukiinama kidogo, kusalimu. Machozi yalimtoka. Hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Baada ya uwanja miguu iligeuka yenyewe. Ikapita kichochoro cha wachonga mbao, ikaingia ua mdogo, ikasimama mbele ya mlango wa bluu wenye rangi iliyobanduka. Ulikuwa mlango wa Jogmuni na Chirimaya. Chirimaya, aliyekuwa ametangulia mbali, alirudi mbio na kusimama na chetezo chake, anahema. Dipankara alisimama pale kwa muda mrefu. Kisha akainama, chini sana, chini kuliko alivyoinama kokote, mpaka mbao mpya zikalia na Bekharatna akadhani uti wa mgongo utakatika.

Ndipo wakashuka mtoni.

Maji ya majira ya baridi ni machache na meusi, na ngazi za mawe huingia ndani yake bila kuonekana zinakoishia. Walikuwa wamepanga kwamba kwenye ngazi ya mwisho kavu Bekharatna atasimama, Chirimaya atamwaga maji, wataagana. Bekharatna alifika ngazi ile akasimama. Miguu haikusimama. Maji yakamfika vifundoni, kisha katikati ya miguu. Joho lilianza kunywa maji na kuwa zito.

"Basi, kaka," alisema. "Tumefika. Shuka."

Hatua nyingine. Matope yalimshika. Mikanda aliyoishona mwenyewe ilimbana mabegani kama mikono, na alipojaribu kufungua kifungo vidole havikukipata.

"Kaka, nilikosea. Ilikuwa safari yako. Niachie mimi sasa!"

Maji yakamfika mapajani. Kwa mwanya wa kifuani hakuona tena ufuo, aliona ukungu mtupu, na ndani ya ukungu ule ilikuwa kama watu wengi wamesimama ng'ambo wanasubiri. Alianza kupiga kelele.

Chirimaya aliingia majini na nguo zake. Alizunguka mpaka mbele ya sanamu, maji kiunoni, akauinulia uso ule wa dhahabu kidole kama anavyomwinulia mtoto mtukutu. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alikuwa Baba Rojina. Kabla Rojina hajazaliwa alikuwa "wewe" au "sikiliza". Hata msibani hakulitaja.

"Jogmuni!" alisema. "Jogmuni! Huyu ni mtoto wa mama yako. Muache. Nenda peke yako, Jogmuni. Mimi nitakuja siku yangu."

Kitu kikashuka mgongoni mwa Bekharatna. Hakikupotea ghafla, kilishuka kama mtu anayeshuka farasini, mguu mmoja, kisha wa pili. Maji yaliyokuwa nyuma yake yaligawanyika, yakafunga. Fremu ikawa nyepesi kiasi kwamba alipoteza mizani na kuanguka nyuma, upande wa ufuo, na kichwa cha Dipankara kikagonga jiwe la ngazi. Kikaimba. Mlio ulipaa juu ya mto, ukazunguka ukungu, ukachukua muda mrefu kufa.

Wanaume wa baha waliwakuta wameketi ngazini, wanatetemeka kama vifaranga waliolowa. Hakuna aliyeuliza swali. Walibeba mbao na shaba zao wakarudi.

Bekharatna alilinyoosha shavu kwa siku moja tu, na kila pigo lilimjibu. Gubhaju, jino likiwa limepona, alifunga uzi, akasoma, na maji ya mtungini yakatikisika kabla hata hajafika katikati. Samyak ilipofika Bekharatna alimbeba mungu mbele ya mji mzima. Ngoma zilipigwa, watu walimmwagia mchele na maua, vizee vililia. Yeye ndani alisikia pumzi zake mwenyewe tu. Baadaye alimwambia mkewe kwamba hakuwahi kujua upweke kama ule, katikati ya umati wote ule, na Dhanakesari safari hii hakutafuta mzaha.

Sherehe ilipopita walikutana uani, yeye na Chirimaya. Shemeji yake alikuwa ametandaza mboga za haradali juani ili zikauke, anazigeuza moja moja. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Sijakushukuru," alisema bila kuinua uso. "Siku ile. Hatukupanga upite mlangoni kwangu, wala umwinamishe vile. Ulinifanyia heshima."

Bekharatna angeweza kuipokea ile shukrani, ingekuwa rahisi. Akachuchumaa upande wa pili wa mkeka, akachukua jani, akaligeuza.

"Sikuwa mimi, shemeji."

Mikono ya Chirimaya ilisimama. Kisha akacheka kidogo, akajifuta pua kwa kiganja chenye harufu ya majani.

"Mshenzi," alisema. "Alikuwa anaujua mlango."

Akasogeza mkeka, kwa sababu jua lilikuwa limehama.